Rangi ya asili au ya kupikwa: kukagua sarafu ya shaba kabla hujailipia

Shaba haitulii. Dhahabu ya miaka mia mbili unaweza kuikuta na rangi ileile iliyotoka nayo mtamboni, lakini sarafu ya shaba huanza kugeuka mapema na haiachi. Ndiyo maana sarafu ndogo za zamani za huku kwetu, yaani sarafu iitwayo pesa ya Kijerumani ya 1890, pysa ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye picha ya mizani, pice ya Mombasa ya 1888 na heller za Deutsch-Ostafrika (koloni la Wajerumani Afrika Mashariki), huonekana sokoni kwa rangi za kila namna: machungwa, hudhurungi, nyeusi, kijani, na siku hizi hata zambarau na buluu zinazometameta. Baadhi ya rangi hizo zimeletwa na hewa, jasho la mikono na miaka. Nyingine zimeletwa na jiko na salfa, kazi ya jioni moja, ili sarafu iliyosuguliwa ikaharibika iuzwe kwa bei ya sarafu nzima.

Mwongozo huu ni wa mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya muuzaji wa vitu vya kale Zanzibar au Mombasa, na vilevile wa yule anayetazama picha za mnada wa Ulaya kwenye simu yake. Jambo la kushika ni moja. Usianze kwa kuuliza kama rangi ni nzuri. Uliza kama inakubaliana na shaba iliyo chini yake. Rangi ya asili huwa na sababu ya kuwa pale ilipo. Ya kupikwa imewekwa tu.

Kwanza ujue shaba inavyogeuka

Shaba iliyotoka mtamboni ina rangi ya machungwa yenye wekundu. Oksijeni ya hewani hutandaza oksidi nyekundu juu yake, utando mwembamba ambao mwanzoni hata huuoni. Utando ukizidi, sarafu huingia hudhurungi. Kadiri miaka inavyokwenda huongezeka oksidi nyeusi ya shaba, na penye salfa hewani, iwe ya moshi wa makaa ya mawe, ya mpira au ya kadibodi duni, huja pia salfaidi, nayo ni nyeusi. Penye chumvi ya bahari huja kloridi, na hapo ndipo kijani kinapoanzia. Mafuta ya vidole na jasho huharakisha mambo yote haya, na kwa sababu hiyo sarafu iliyozunguka sana mikononi mwa watu huishia kuwa na hudhurungi moja iliyotulia, ya chokoleti, pande zote mbili.

Rangi za upinde wa mvua zina chanzo kingine. Hakuna kitu cha buluu kilichopakwa pale. Utando ukiwa mwembamba sana, sehemu ya mwanga hurudi kutoka juu ya utando, na sehemu nyingine hupenya na kurudi kutoka kwenye shaba yenyewe. Miale hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine hupeana nguvu. Ni kile unachokiona petroli ikimwagika juu ya dimbwi la maji. Rangi inayotokea hutegemea unene wa utando, kwa hiyo rangi hufuatana kwa mpangilio: manjano hafifu, machungwa iliyokolea, nyekundu inayoelekea zambarau, zambarau, buluu, kisha hupauka. Shika mpangilio huo, utauhitaji mbele.

Tofautisha pia madini. Pesa za kampuni ya Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft za 1890 hadi 1892 ni za shaba. Heller zilizoanza 1904 ni za bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati na zinki kidogo, na ndivyo zilivyo pia senti 5 na senti 10 za tundu za miaka ya Mwingereza kuanzia 1921. Bronzi kwa kawaida hugeuka taratibu kuliko shaba tupu. Heller 20 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, ipo ya shaba nyekundu na ipo ya shaba njano, na ile nyekundu ni chache zaidi. Shaba njano ina zinki nyingi na haiendi kwenye hudhurungi kwa njia ileile. Ukiletewa heller 20 ya Tabora yenye hudhurungi nzito iliyo sawasawa kila mahali, tafuta mkwaruzo ulioingia ndani au mahali palipolika ukingoni, uone kama chini yake kuna njano.

Vifaa

Lupu ya kukuza mara kumi. Taa moja nyeupe ndogo unayoweza kuisogeza, kisha mwanga wa mchana wa kivulini, kwa sababu balbu za manjano hufanya kila shaba ipendeze. Kipande cha karatasi nyeupe cha kuweka chini ya sarafu. Shika sarafu kwa ukingo tu, daima.

Kifaa cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote: kifuko cha sarafu za kujifunzia. Nunua senti 10 za tundu zilizochakaa, robo ana (sarafu ndogo za shaba za Kihindi) zilizolika, heller 1 za miaka ya kawaida, zile za bei ya chini ambazo hakuna aliyepoteza muda wake kuzipika. Zitazame kila siku kwa lupu mpaka jicho lizizoee. Mtu asiyeijua hudhurungi ya kweli ilivyo hawezi kuitambua ya uongo, na maneno ya mwongozo wowote, huu ukiwemo, hayachukui nafasi ya zoezi hilo.

Hatua ya 1: uliza sarafu ilikokaa

Kabla hujaitazama kwa makini, muulize mwenyewe. "Shikamoo mzee. Hii heller ilikuwa ya nani, na ilikuwa imehifadhiwa wapi?" Jibu linaweza lisiwe la kweli, lakini litakupa kitu cha kupimia unachokiona.

Pwani yetu ina joto, unyevu na chumvi hewani. Sarafu iliyokaa mkebeni miaka mia katika nyumba ya Pangani au Lamu ina kila sababu ya kuwa hudhurungi nzito, au nyeusi, au yenye madoa ya kijani. Ikiletwa ikiwa nyekundu ng'avu na maelezo kwamba ilikuwa kashani mwa babu tangu enzi za Mjerumani, ama imesafishwa, ama haikukaa huko. Heller nyekundu ya kweli ipo. Mimi huitarajia zaidi kutoka kwenye mkusanyo uliokaa nchi kavu za baridi, ndani ya kabati na bahasha za karatasi, na hata hapo huwa na hudhurungi iliyoanza kuingia mahali fulani.

Hatua ya 2: pima uchakavu ukiwa umeisahau rangi

Rangi nzuri hulewesha jicho. Piga picha ya sarafu kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha utazame uchakavu peke yake. Kwenye pesa ya Kijerumani angalia manyoya ya kifua cha tai. Kwenye heller angalia mikanda ya taji na msalaba ulio juu yake. Kwenye pysa ya Barghash angalia vitanga vya mizani na nukta za maandishi ya Kiarabu. Kwenye robo ana ya Malkia Victoria, ambayo ilizunguka pia huku kwetu, angalia nywele juu ya sikio.

Ukishajua imelika kiasi gani, rudisha rangi kwenye picha. Sarafu iliyolika imepita mikononi mwa watu, na shaba iliyopita mikononi ni hudhurungi. Haina tena ule uso mbichi wa mtamboni unaoweza kubeba utando mwembamba ulio sawa. Kwa hiyo sarafu iliyolika yenye buluu na zambarau zinazong'aa karibu kila mara imepikwa. Na sarafu iliyolika yenye wekundu ng'avu wa pinki imesuguliwa au kuchovywa kwenye asidi. Hapo sioni haja ya kuendelea na hatua nyingine.

Wapimaji wakubwa wa Marekani, PCGS na NGC, huweka herufi baada ya daraja la sarafu ya shaba. RD ni sarafu iliyobaki na karibu wekundu wake wote wa asili. Kwa kipimo cha PCGS, asilimia 95 au zaidi. BN ni iliyogeuka hudhurungi karibu yote, wekundu ukiwa chini ya asilimia 5. RB ni zote za katikati. Tofauti ya bei kati ya BN na RD inaweza kuwa kubwa sana kwa sarafu ileile ya mwaka uleule, na hapo ndipo penye kishawishi cha kupika.

Hatua ya 3: zungusha chini ya taa

Weka taa upande mmoja, shika sarafu kwa ukingo, uiinamishe na kuizungusha polepole. Sarafu ambayo haijalika ina mng'aro wa mtamboni: mkanda wa mwanga unaozunguka juu ya uso sarafu inapozunguka. Unatokana na mistari midogo sana iliyoachwa na shaba iliposukumwa kuelekea ukingoni kwa nguvu ya muhuri.

Utando wa asili hukaa juu ya mistari hiyo bila kuivunja. Utauona mkanda wa mwanga ukipita chini ya rangi, hata rangi ikiwa hudhurungi. Sarafu iliyosuguliwa imepoteza mistari yake. Rangi ikiongezwa baadaye hulala juu ya uso uliokufa: inang'aa yote kwa pamoja, au haing'ai kabisa, na mwanga hauzunguki. Zingatia pia rangi yenyewe inavyofanya. Ya asili hubadilika kwa ulaini pembe ikibadilika. Nyingi za kupikwa huonekana kali katika pembe moja tu, na muuzaji wa mtandaoni hupiga picha katika pembe hiyohiyo. Omba video fupi ya sarafu ikizungushwa. Asiyetaka kuipiga amekujibu tayari.

Hatua ya 4: lupu, na usiwe na haraka

Hapa ndipo penye ushahidi, na hapa ndipo ningependa utumie nusu ya muda wako wote.

Tafuta mikwaruzo. Kila sarafu inayo. Jiulize juu ya kila mmoja: rangi iliyo ndani ya mkwaruzo ni ipi? Mkwaruzo wa zamani huwa umegeuka hudhurungi karibu sawa na sehemu zinazouzunguka. Mkwaruzo wa jana huwa mwangavu, umeikata rangi, nao ni wa kawaida. Kinachotia shaka ni mikwaruzo mingi myembamba, sambamba au ya mizunguko, yote ikiwa na rangi kali ileile ya uso. Maana yake sarafu ilisuguliwa kwanza, na rangi ikaja baadaye. Inaweza kuwa ilikuja yenyewe baada ya miaka thelathini. Inaweza kuwa ilikuja jioni hiyohiyo. Vyovyote vile, umeshika sarafu iliyosafishwa, na bei lazima ishuke.

Kisha tazama kuzunguka herufi. Kwenye shaba ya asili iliyo nusu nyekundu, wekundu hudumu zaidi pale vidole visipofika: ndani ya herufi, kando ya miguu yao, katikati ya majani ya shada, chini ya bawa la tai. Hudhurungi huanza kwenye vilele na kwenye uwanda ulio wazi. Mpangilio huo ni mgumu kuuigiza. Ukiona kinyume chake, yaani vilele vyekundu na mabonde meusi, fikiria kwamba sarafu nyeusi imesuguliwa juu. Ukiona rangi inapita juu ya herufi na uwanda kama vile picha haipo, bila kujali kilichoinuka na kilichobonyea, fikiria joto au kemikali. Na ukiona weusi umekusanyika kwenye kona za herufi ukiwa na mpaka mkali, huo ni umajimaji uliokauka hapo.

Kuna alama moja ya vidole inayosaidia sana. Alama ya zamani ya kidole kwenye shaba huwa nyeusi kuliko uso, imeingia kwenye madini ya sarafu wala haifutiki. Lakini ukikuta alama ya kidole iliyo nyepesi kuliko rangi inayoizunguka, mistari yake ikiwa imeachwa wazi, basi mafuta ya kidole yaliizuia kemikali isishike. Mtu aliishika sarafu kabla ya kuipika.

Mwisho, kagua madoa. Vidoa vyeusi vidogo vya mviringo ni vya kawaida kwa shaba na mara nyingi ni matone ya mate ya mtu aliyezungumza juu ya sarafu akiwa ameiinamia. Havipendezi, ila si vya kughushi.

Hatua ya 5: fuata mpangilio wa rangi

Rudi kwenye ule mfuatano: manjano, machungwa, nyekundu ya zambarau, zambarau, buluu. Utando wa asili huongezeka unene kidogo kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine, mara nyingi kutoka ukingoni kuja katikati kwa sababu hewa na karatasi ya albamu vimegusa ukingo zaidi. Kwa hiyo rangi jirani ziwe jirani pia katika mfuatano. Buluu iliyopakana moja kwa moja na machungwa mabichi, bila ukanda wa zambarau katikati, ina kasoro. Michirizi, matone na mipaka iliyokatika ghafla ina kasoro pia.

Lakini tahadhari. Kufuata mpangilio hakuthibitishi uasili. Joto nalo huipitisha shaba kwenye rangi hizohizo, kwa mfuatano uleule, katika dakika chache. Mpangilio mbovu unaikataa sarafu. Mpangilio mzuri haujaikubali bado.

Hatua ya 6: ukingo, na tundu kama lipo

Wapishi wengi huhangaikia sura mbili na kuusahau upande wa tatu. Zungusha sarafu ukitazama ukingo wake. Kwenye sarafu ya asili ukingo una hudhurungi inayoendelea kutoka usoni, labda iliyolika kidogo. Kwenye iliyopikwa utakuta vidoa viwili vyangavu vinavyotazamana, pale koleo iliposhika, au mstari wa tone lililoteremka na kukaukia chini. Sarafu iliyopashwa joto mara nyingi ina rangi ileile kali usoni na ukingoni.

Senti za tundu hukurahisishia kazi. Tundu halikuguswa na vidole sana, kwa hiyo ndani yake huwa na weusi wa uchafu wa miaka au mabaki ya wekundu. Watu walizitunga sarafu hizi kwenye uzi, kwa hiyo kulika kidogo upande mmoja wa tundu ni jambo la kweli kabisa. Lakini aliyeichovya sarafu kwenye dawa mara nyingi ameining'iniza kwa waya, na pale waya ulipogusa hubaki kidoa cha rangi tofauti. Nimeona kwamba wanunuzi karibu wote hutazama taji na jina la mfalme na kuliruka tundu.

Linganisha pia sura mbili. Sarafu iliyolala upande mmoja kwenye bahasha au trei kwa miaka hugeuka tofauti juu na chini. Hudhurungi iliyochakaa ikiwa sawa pande zote haina neno. Upinde wa mvua ukiwa uleule juu na chini, kwa nguvu ileile, una neno.

Hatua ya 7: pua, na kwa sarafu yako mwenyewe, asetoni

Nusa. Salfa huacha harufu ya yai viza, na sarafu iliyopikwa karibuni huibeba hata ndani ya kifuko chake cha plastiki. Dawa ya viatu nayo ina harufu isiyofichika.

Kama sarafu ni yako tayari, au muuzaji ameruhusu, asetoni safi husaidia. Isiwe ile ya kuondolea rangi ya kucha, maana hiyo huchanganywa na mafuta na manukato. Itie kwenye kikombe cha kioo, mbali kabisa na moto kwa sababu hushika upesi, uiache sarafu humo dakika chache, uitoe, ikauke yenyewe bila kusuguliwa. Asetoni haiondoi oksidi wala salfaidi, kwa hiyo rangi ya asili itabaki. Itakayotoka ni rangi ya viatu, nta, wino wa kalamu, vanishi na kijani cha kupaka. Ikitoka, utaiona shaba ilivyo hasa.

Mapishi ya kawaida na alama zake

Joto la jiko au oveni: rangi kali inayofunika kila kitu, mara nyingi machungwa iliyokolea, zambarau au buluu, bila kujali herufi. Joto likizidi, oksidi nyeusi hubanduka kwa magamba.

Salfa, iwe ya unga, ya dawa ya kuweushia vito au ya mayai ya kuchemsha: hudhurungi ya kijivu hadi nyeusi iliyo sawa mno, isiyo na kina. Hii ndiyo hutumiwa zaidi kuficha sarafu iliyosafishwa, na ndiyo ngumu kuigundua kwenye picha. Lupu na mikwaruzo ya hatua ya 4 ndiyo tiba yake.

Ndimu na chumvi, ukwaju, au majivu, vile vilevile vinavyotumika nyumbani kung'arisha vyombo vya shaba: huu hasa ni uharibifu wa awali, na mara nyingi uliofanywa kwa nia njema. Asidi hula ngozi ya juu na kuacha pinki isiyo na mng'aro, yenye vitundu vidogo. Sarafu hiyo ikiachwa hugeuka upya kwa viraka, na wengi hapo ndipo huipeleka jikoni kuifunika.

Dawa kali za kusafishia sarafu: zambarau na buluu kwenye sarafu ambayo ilikuwa hudhurungi ya kawaida. Sarafu za uso wa kioo zilizotengenezwa maalumu kwa wakusanyaji (proof) za Uingereza na Marekani huathirika sana na jambo hili, na wataalamu wenyewe hugombana juu yake.

Kijani cha kupaka: huwekwa kwenye sarafu inayosingiziwa kuwa ya kale sana, kama zile za shaba za Kilwa. Kijani cha kweli kimeshikana na madini ya sarafu, kina chembechembe, na chini yake kuna tabaka jekundu la oksidi. Cha kupaka ni cha unga au cha rangi, kimejaa mabondeni tu, na asetoni hukisomba.

Yasikuponze haya

Zipo rangi za kutengenezwa ambazo ni halali kwa sababu zilitoka kiwandani. Kiwanda cha serikali cha Uingereza kiliziweusha farthing, yaani robo peni, kuanzia 1897 ili zisifananishwe na nusu sovereign ya dhahabu, na peni za 1944 hadi 1946 nazo zilitiwa giza kwa kemikali kwa sababu bronzi ya miaka hiyo ilipunguzwa bati. Ukiziona nyeusi, hivyo ndivyo zilivyozaliwa. Aliyezing'arisha ndiye aliyeziharibu.

Mistari ya hudhurungi na wekundu inayopita sambamba usoni, mithili ya mbao, pia ni ya asili. Hutokana na madini ya bronzi kutochanganyika vizuri kabla ya kuvingirishwa kuwa bamba.

Na kuna katikati. Zipo sarafu ambazo wakaguzi wawili wazoefu watatofautiana juu yake, na kampuni za upimaji hurudisha baadhi zikiwa na maandishi kwamba rangi ina mashaka, bila kudai zimejua kilichotokea. Ukifika hapo, bei ndiyo iamue. Lipa bei ya hudhurungi ya kawaida kwa daraja hilo la uchakavu, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya rangi. Muuzaji akikataa, iache. Heller na pesa za miaka ya kawaida zilitolewa kwa mamilioni, itakuja nyingine.

Kwa upande wangu, hudhurungi ya chokoleti iliyotulia, yenye mng'aro kidogo chini yake, naipenda kuliko upinde wowote wa mvua. Ndiyo rangi ngumu kuighushi vizuri, na ndiyo isiyoendelea kubadilika upesi.

Ukishainunua

Angalia kwanza kijani. Kijani kigumu, cheusi kidogo, kilichokaa miaka, kinaweza kuachwa. Kijani cheupe cha unga, kinachoondoka kwa kijiti cha meno kisha kurudi baada ya siku kadhaa, ni kloridi ya shaba inayokula sarafu kwa msaada wa unyevu, nayo haitasimama yenyewe. Itenge na nyingine. Utelezi wa kijani unaonata hutokana na vifuko laini vya plastiki ya vinili. Huo huondoka kwa asetoni, na vifuko hivyo vitupwe.

Hifadhi sarafu kwenye vibebeo vigumu visivyo na vinili, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vifuko vya silika. Kwa wakazi wa pwani silika ni lazima, na ikaushwe au ibadilishwe kila inaposhiba maji; lenga unyevu wa chini ya asilimia 40 ndani ya kopo.

Kisha piga picha pande zote mbili na ukingo, kwa taa ileile na pembe ileile, uandike tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu. Kemikali ambayo haikuoshwa vizuri huendelea kufanya kazi, kwa hiyo rangi ya kupikwa karibuni mara nyingi husogea: buluu hufifia, madoa hupanuka, weusi huota kandokando ya herufi. Utando wa miaka mia hautaonyesha tofauti kwa muda mfupi hivyo. Muuzaji mzuri atakubali kuandika kwenye risiti kwamba sarafu inarudishwa ikiwa rangi itabadilika ndani ya muda huo, na ni vyema ukamwomba hivyo kabla hujatoa fedha mfukoni.